Maelekezo kwa Mghoi, Siku Mbili Nairobi

Mghoi, una siku mbili, na mji ule haujui kungoja.
Vaa viatu vya kufunga. Pesa zigawe mafungu matatu:
za nauli kwenye soksi, za kununua kifuani,
za kula mkononi, maana njaa haina staha,
itakufanya ujipapase mbele za watu.

Jumanne uwahi Gikomba, umande haujakauka.
Usiulize bei ya kitu ulichokwisha kukipenda;
shika kwanza cha pembeni, kikunjie uso,
kisha, kama aliyekumbuka jambo, gusa chako.
Ukiwakuta wanafungua belo, simama karibu:
nguo za juu wanaziita kamera,
na kamera haimsubiri anayepepesa macho.
Atakuambia elfu moja mia mbili. Cheka.
Si kwa dharau; cheka kama mliokua pamoja.
Mpe mia nne. Atakuapia kwamba watoto hawajala.
Ondoka. Hesabu hatua zako.
Mimi sikuwahi kufika ya tisa kabla ya kuitwa.

Sufuria ya mamako usiinunue penye vioo.
Nenda Kamukunji, fuata nyundo.
Ipige kwa kifundo cha kidole:
ikilia, lipa; ikikohoa, irudishe.

Isli, panda ngazi. Wa chini
wanalipia kodi kwa mfuko wako.
Na kitambaa, hata akikuapia mbingu,
kitoe nje ukione juani.
Nilishona miaka kumi na mmoja, nazijua taa za mle ndani:
zimesomea uongo.

Marikiti pita tu, uone.
Usije ukanibebea vitunguu hadi Wundanyi,
majirani wakacheka mpaka Pasaka.

Sasa kula. Watakuelekeza Kenyatta Market, nyama choma.
Si vibaya. Mguu wa mbuzi uchague mwenyewe
na usimame hapo unapopimwa,
kwani mizani nyingine husaidiwa na kidole.
Chai kunywa popote penye masufuria meusi na watu wengi.
Penye meza tupu na muziki, pita.

Lakini Jumatano mchana, tumbo liache wazi.
Nenda Shauri Moyo, nyuma ya Burma,
uulize kibanda cha mabati ya buluu, cha Mama Syombua.
Matumbo yake aliyasugua kwa chumvi na limau
mpaka yakawa meupe kama shuka la hospitali,
na chapati zake ukizikunja hazikuvunjika.

Mwaka wa ile mvua iliyobeba madaraja
niliuza cherehani asubuhi, nikala kwake mchana:
sahani moja, chapati mbili, shilingi thelathini na tano.
Pesa ya cherehani ilikuwa noti kubwa, hakuwa na chenji.
Nikamwambia, kesho.
Kesho yenyewe ilinikuta Voi.

Nasikia wamebomoa, wamepitisha barabara.
Basi waulize wauza makaa, hao hawahami.
Kama yeye hayupo, mtafute bintiye, Mwende,
aliyekuwa akiosha sahani juu ya kreti ya soda,
mapengo mawili mbele. Sasa ni mtu mzima,
lakini mtazame akicheka.

Mpe mia tano. Usieleze sana.
Sema zimetoka kwa fundi wa sare za shule,
yule wa futi shingoni, aliyesema kesho.
Akikataa kuzipokea, na watu wa kwao wana kiburi kizuri,
agiza chakula cha mia tano,
ukae pale ule mpaka ziishe.

Mengine yote ukiyasahau, hata sufuria,
hakuna atakayekulaumu.
Labda mamako.